Makanisa yajifunze kwa Jenerali Booth: mlevi naye ana neno

Iwapo unataka kujua ni nani anayewasikiliza watu wa Ekero wenye dhiki, usiende kanisani siku ya Jumapili. Sheria ya kudhibiti vileo ya mwaka 2010 inaziruhusu baa kufungua milango saa kumi na moja jioni katika siku za kazi. Hiyo ndiyo saa ambapo mwalimu hufunga ofisi yake, karani wa parokia hutia kufuli, na mchungaji hushika njia ya kwenda kwake. Kuanzia hapo hadi saa tano usiku, mtu aliyefutwa kazi, aliyeachwa na mkewe, aliyemzika mwanawe au aliyeshindwa kulipa karo huwa amebakiwa na sikio moja tu, nalo ni la mwuza pombe. Mama pima ndiye mchungaji wa wasio na mchungaji.

Siyasemi haya kwa kejeli. Nimefundisha kwa muda wa kutosha kujua kwamba mambo mengi yanayomsumbua mtoto darasani huwa yamekwisha kusimuliwa na babaye mangweni, mbele ya watu wasioweza kumsaidia. Shule haikuyasikia. Kanisa halikuyasikia. Tulichosikia sisi ni kelele za mlevi akipita njiani usiku, nasi tukafunga madirisha.

Kwa sababu hiyo nataka leo kuwasimulia walimu wenzangu na wanafunzi wao maisha ya mtu mmoja ambaye jina lake wengi wanalijua ila habari zake hawazijui. Jeshi la Wokovu si geni katika Kakamega. Kila Jumapili tunaiona sare yake na kuisikia ngoma yake vijijini, na tangu mwaka 2008 makao makuu yake ya sehemu ya magharibi ya Kenya yako papa hapa mjini Kakamega. Hata hivyo, ukimwuliza mwanafunzi ni nani aliyelianzisha, huenda akakwambia kwamba alikuwa askari aliyestaafu. La hasha. William Booth hakushika bunduki hata siku moja. Alikuwa mtoto wa mjenzi aliyefilisika, na shule yake kubwa ilikuwa duka la rehani.

Booth alizaliwa tarehe 10 Aprili 1829 huko Sneinton, kitongoji cha mji wa Nottingham nchini Uingereza. Babaye, Samuel, aliwahi kuonja utajiri, kisha mambo yakamwendea mrama. Mali ilipokwisha, masomo ya kijana nayo yakaisha. Akiwa na umri wa miaka 13 alipelekwa kwa mkopeshaji wa rehani awe mwanagenzi wake, na mwaka uo huo wa 1842 babaye akafariki.

Vijana wa leo huenda wasijue duka la rehani ni kitu gani. Ni mahali ambapo maskini hupeleka koti, blanketi au pete yake ya ndoa, akapewa fedha kidogo; asipozirejesha pamoja na faida katika muda uliowekwa, kitu chake huuzwa. Booth alisimama nyuma ya meza ya duka hilo kwa miaka 6. Aliwaona wanawake wakileta nguo za watoto ili wapate mkate. Aliwaona wanaume wakileta vyombo vya kazi, ambavyo ndivyo vilivyowalisha, ili wapate kinywaji cha jioni hiyo. Waliofika pale hawakuja kuhubiriwa. Walikuja na shida yao mkononi, wakaiweka juu ya meza, naye akalazimika kuitazama. Sidhani kuna chuo cha theolojia ambacho kingalimfunza kijana huyo zaidi ya hayo.

Mwaka 1844, akiwa na miaka 15, alimpokea Kristo katika kanisa la Methodisti la Wesley, na muda si muda akaanza kuhubiri mitaani pamoja na vijana wenzake. Hapo ndipo lilipotokea tukio ambalo kwangu mimi ni ufunguo wa maisha yake yote. Siku moja aliwakusanya vijana wa mitaa ya mabanda, wachafu, wenye nguo zilizoraruka, akawaongoza hadi ndani ya kanisa la barabara ya Broad, akawaketisha mahali pazuri. Wazee wa kanisa hawakufurahi. Hawakumkataza kuwaleta maskini; walimwagiza tu kwamba siku nyingine awapitishe mlango wa nyuma na kuwaketisha pembeni, kwenye mabenchi ambayo waumini wa heshima wasingeyaona.

Naomba msomaji asiwacheke wazee hao upesi. Walikuwa watu wema, na huenda walitoa sadaka kuliko wengine wote. Walichotaka ni utaratibu tu. Lakini ni makanisa mangapi ya kwetu ambayo leo hii hayana mlango wa nyuma? Mlevi akija ibadani huketishwa karibu na mlango ili akileta fujo atolewe kwa urahisi. Mama anayepika chang'aa, akileta zaka, fedha zake hupokelewa na jina lake hunong'onwa. Tunawakubali, ila kwa masharti kwamba wasionekane.

Uanagenzi ulipokwisha, Booth alikaa mwaka mzima bila kazi. Mwaka 1849 akahamia London, na huko pia kazi aliyoipata ilikuwa ya rehani. Ilipofika mwaka 1852 aliiacha akawa mhubiri, na katika siku hizo hizo akakutana na Catherine Mumford, binti mwenye afya dhaifu na akili pevu. Walifunga ndoa tarehe 16 Juni 1855. Haiwezekani kueleza habari za Booth bila kumtaja mwanamke huyu, kwa maana yeye ndiye aliyemfanya mumewe aache kabisa kileo, hata kile ambacho watu wa zama hizo walikiona kuwa dawa. Na yeye ndiye aliyemfunza, kwa vitendo, jinsi ya kumwendea mlevi.

Mwaka 1858 Booth alitawazwa kuwa kasisi katika tawi la Methodisti lililoitwa New Connexion, akapewa kanisa mjini Gateshead, kaskazini mwa Uingereza. Ni katika mji huo ambapo Catherine alianza jambo ambalo halikufanywa na wake wa makasisi wa siku hizo. Jioni moja, akiwa njiani kwenda ibadani, aliwatazama wanawake walioketi kwenye ngazi za nyumba zao, akajiuliza kwa nini aende kukaa na waliookoka tayari ilhali hawa hawana wa kuzungumza nao. Akawaendea. Mmoja wao akamweleza kwamba hawezi kutoka kwa sababu mumewe yumo ndani, amelewa. Catherine akaomba aingie. Akaketi na yule mlevi, akazungumza naye kwa upole, akamsomea habari za mwana mpotevu. Tangu hapo akatenga jioni mbili kila juma za kuwatembelea walevi majumbani mwao, peke yake, bila tarumbeta wala sadaka ya kukusanya.

Mimi naamini Jeshi la Wokovu lilizaliwa katika chumba kile, hata kama vitabu vinautaja mwaka mwingine. Mumewe alikuwa na kipawa cha kusema. Mke alikuwa na kipawa cha kuketi. Na mlevi, kama ajuavyo kila aliyewahi kuishi na mmoja, amekwisha kusemeshwa sana. Amesemwa na mkewe, na chifu, na mama mzazi, na polisi. Jambo ambalo hajafanyiwa ni kuulizwa kisha akangojewa ajibu.

Mwaka 1861 Booth alilihama dhehebu lake kwa sababu wakuu walitaka atulie katika eneo moja, naye alitaka kusafiri akihubiri. Kwa miaka minne aliishi na familia yake bila mshahara wa uhakika. Kisha, katikati ya mwaka 1865, wakaja London. Jioni moja katika barabara ya Whitechapel, mashariki mwa jiji, Booth alihubiri nje ya baa iliyoitwa Blind Beggar, jina ambalo maana yake ni ombaomba kipofu. Mitaa hiyo ilikuwa imejaa mabaa, na katika mengi ya hayo hata watoto walinunua kinywaji. Wamisionari waliomsikia wakamwomba awasaidie katika hema waliyokuwa wameipiga katika makaburi ya zamani ya Marafiki, yaani dhehebu lile lile ambalo mwaka 1902 lilikuja kufungua misheni ya Kaimosi huku kwetu. Booth alikubali kuwashikia mahali kwa muda mfupi tu. Hakuondoka tena.

Angalia jambo alilolifanya baadaye. Alipohitaji nyumba ya kukutania, hakutafuta kiwanja kitulivu kilicho mbali na walevi. Alinunua baa iliyoungua moto, Eastern Star, katika barabara hiyo hiyo ya Whitechapel, akaigeuza kuwa makao ya misheni yake. Miaka mingi baadaye, mwaka 1882, Jeshi likainunua baa nyingine mashuhuri, Eagle, katika barabara ya City. Mtu aliyezoea kupitia mlango ule kwenda kunywa aliweza kuupitia mlango ule ule kwenda kusali. Miguu yake haikuhitaji kujifunza njia mpya.

Misheni hiyo ndiyo iliyobadilishwa jina mwaka 1878 ikawa Jeshi la Wokovu, naye Booth akaitwa Jenerali. Wahubiri wake wakavaa sare, wakapewa vyeo, wakapiga matarumbeta na ngoma. Mwaka 1879 wakaanzisha gazeti lao, na maafisa wake, wengi wao wasichana, wakawa wanaingia mabaani kuliuza meza kwa meza. Gazeti hilo lilikuwa kisingizio chema. Aliyelinunua alipata nafasi ya kusema neno moja, kisha la pili, na mara nyingine akafungua moyo wake wote. Hapa Kenya Jeshi lilikuja kuwa na gazeti lake, Sauti ya Vita.

Wenye mabaa hawakulala. Walipoona wateja wao wanapungua, baadhi yao waliwafadhili wahuni waliojiita Jeshi la Mifupa, ambao waliwavamia Wanawokovu kwa mawe, matope na panya waliokufa. Katika mwaka 1882 peke yake, Wanawokovu zaidi ya 600 walipigwa, wakiwamo wanawake. Mahakimu wengi waliwatia gerezani waliopigwa badala ya waliopiga, kwa madai kwamba maandamano yao ndiyo yaliyovuruga amani. Kanisa rasmi nalo lilikunja uso. Ilionekana ni aibu kwa Injili kuimbwa kwa tuni za mabaani.

Kwa kupima wakati, mwanafunzi wa historia akumbuke kwamba Joseph Thomson alipokaribishwa na Nabongo Mumia mwaka 1883, Jeshi hilo lilikuwa na umri wa miaka 5 tu. Askofu James Hannington alipopita kwa Mumia mwaka 1885, akielekea Busoga alikouawa, Booth na mkewe walikuwa London wakipigania sheria ya kuwalinda wasichana. Mwaka huo Bunge la Uingereza lilipandisha umri wa msichana kuweza kuridhia kutoka miaka 13 hadi 16, baada ya Jeshi kukusanya sahihi zaidi ya 300,000.

Yaani kusikiliza kulikuwa kumezaa kazi. Mwenye kusikia lazima afanye jambo, ama sivyo masikio yake ni mapambo. Maafisa wasichana waliokwenda kuishi katika mitaa ya mabanda katika miaka ya 1880, wakisugua sakafu na kuwauguza wagonjwa, walirudi na habari ambazo Jenerali hakuweza kuzijibu kwa mahubiri. Waliokunywa walikunywa kwa sababu chumba chao kilikuwa baridi na baa ilikuwa na moto. Walikunywa kwa sababu hawakuwa na kazi, na hawakupata kazi kwa sababu walikunywa. Usiku mmoja wa mwaka 1887 Booth mwenyewe aliwaona watu wamelala nje juu ya daraja la London katika baridi kali. Kulipokucha alimwamuru mwanawe Bramwell afanye jambo, na mwaka 1888 nyumba ya kwanza ya kulaza wasio na makao ikafunguliwa huko Limehouse.

Mwaka 1890 ukaleta jambo ambalo sisi Waafrika tunapaswa kulijua. Henry Morton Stanley alikuwa amechapisha kitabu cha safari zake na kulitangaza bara letu kuwa ni la giza totoro. Miezi michache baadaye Booth akatoa chake, In Darkest England and the Way Out, akitumia maneno ya Stanley kuwageuzia Waingereza kioo. Ikiwa mnalia kwa ajili ya giza la misitu ya Kongo, aliwaeleza, basi tazameni giza lililo umbali wa hatua chache kutoka makanisa yenu makuu. Aliwakadiria waliozama katika umaskini nchini humo kuwa watu wapatao milioni 3. Akatoa mfano wa farasi wa teksi wa London: akianguka njiani husaidiwa kusimama bila kuulizwa kwanza kama kosa ni lake, na maadamu yu hai hupewa chakula, zizi na kazi. Booth alitaka binadamu apewe angalau haki za farasi huyo. Akaomba pauni 100,000 za kuanzia, zikapatikana.

Mwaka 1891 akafungua shamba la kuwafunza kazi wasio na ajira huko Hadleigh, na kiwanda cha viberiti kilichotumia fosforasi nyekundu isiyodhuru, badala ya ile nyeupe iliyokuwa ikiozesha mataya ya wafanyakazi, na akawalipa wafanyakazi wake zaidi ya viwanda vingine. Catherine hakuyaona hayo. Alifariki tarehe 4 Oktoba 1890 kwa saratani ya matiti.

Sitaki msomaji adhani ninamtukuza malaika. Booth alikuwa mtu wa amri. Jeshi lake halikuwa na kura wala mjadala. Neno lake lilikuwa la mwisho. Msomi Thomas Huxley alimkosoa hadharani kwa kukusanya nguvu nyingi katika mkono wa mtu mmoja. Wanawe watatu, Ballington mwaka 1896, kisha Kate na Herbert mwaka 1902, walimwacha. Aliyewasikiliza wageni wa Whitechapel alishindwa kuwasikiliza wanawe mwenyewe. Hilo nalo ni funzo, hasa kwetu sisi walimu, ambao aghalabu huwa wapole kwa watoto wa watu na wakali kwa wa kwetu.

Mwishoni mwa maisha yake, wale waliomkataa walimpokea. London ilimpa heshima ya uraia wa jiji mwaka 1905, na Chuo Kikuu cha Oxford kikamtunukia shahada ya heshima mwaka 1907. Macho yake yalikwisha kumpoteza alipofariki tarehe 20 Agosti 1912, akiwa na umri wa miaka 83. Watu wapatao 150,000 walipita mbele ya jeneza lake. Jeshi lake lilikuwa limefika nchi 58. Nairobi lilianza rasmi mwaka 1921, na kutoka huko likapanda hadi kwetu magharibi.

Sasa niulize: urithi huu tumeufanyia nini? Tumeichukua ngoma, tumeiacha jioni mbili za Catherine. Na hapa nawazungumzia Wakristo wote, si Jeshi la Wokovu peke yake. Tuna vipaza sauti vinavyosikika kutoka Ekero hadi mtoni, lakini hatuna kiti kimoja ambacho mlevi anaweza kuketi akazungumza bila kuhukumiwa. Vipaza sauti ni vya kusema. Havisikii.

Hatari tunayoichezea si ndogo. Mwezi Novemba mwaka 2000, pombe yenye sumu iliyoitwa kumi kumi iliua zaidi ya watu 100 jijini Nairobi na kuwapofusha wengine. Mwaka 2014 makumi ya watu walikufa kwa namna hiyo katika kaunti kadhaa, na mwezi Februari mwaka 2024 msiba ukarudi Kirinyaga. Serikali imejaribu kupiga marufuku na imejaribu kuruhusu. Chang'aa ilikatazwa kwa sheria ya mwaka 1980, kisha sheria ya mwaka 2010 ikairuhusu kwa masharti. Pombe haikumsikiliza chifu katika hali yoyote kati ya hizo mbili. Hapa kwetu, kiwanda cha sukari cha Mumias, kilichoanza kusaga miwa mwaka 1973, kilitwaliwa mwaka 2019 na benki iliyokidai. Mkulima aliyekuwa akingoja malipo ya miwa yake aliipeleka wapi hasira yake? Msomaji anajua.

Wazee wetu hawakuwa wajinga katika jambo hili. Busaa ya zamani ilinywewa kwa mirija mirefu kutoka chungu kimoja, wazee wameketi duara, na katika duara hilo kesi zilikatwa, posa zilijadiliwa, na mtu mwenye huzuni aliulizwa ana nini. Chungu kilikuwa kisingizio cha baraza. Leo baraza limevunjika, imebaki pombe peke yake, tena kali, tena ya haraka, mtu akiinywa amesimama.

Wapo watakaoniambia kwamba mchungaji akionekana baa atapoteza heshima, na waumini dhaifu watajikwaa. Hoja hiyo ina uzito. Ndiyo maana nasema asiende peke yake, asiende kisirisiri, na asionje hata tone. Wanawokovu waliingia katika mabaa ya London kwa miaka mingi ilhali kila mmoja wao alikuwa ameapa kutokunywa, na sare yao ilieleza wazi walikuja kwa kazi gani. Heshima inayopotea kwa kumtembelea mgonjwa haikuwa heshima. Wengine watasema kwamba kumsikiliza mlevi ni kumhalalishia ulevi. Sikubaliani nao. Daktari anayesikiliza kifua cha mwenye kikohozi hakihalalishi kikohozi. Mficha maradhi kifo humuumbua, na maradhi haya hayafichuki ila mbele ya mtu asiyepiga kelele.

Aidha, majirani wetu Waislamu, ambao ni wengi katika Ekero na Mumias na ambao dini yao imekiharamisha kileo kabisa, wana vijana wao katika mabaa yaya haya. Jambo hili si la dhehebu moja.

Ninachokipendekeza ni kidogo na hakihitaji bajeti. Kila kanisa lichague watu wawili au watatu, wanaume kwa wanawake, wenye umri wa kutosha na ulimi mfupi. Watenge jioni mbili kwa juma, kama alivyofanya Catherine. Waombe ruhusa ya mwenye baa, wanunue soda, waketi. Wasihubiri mpaka waulizwe. Watakayoyasikia wayatunze, anayeitoa siri ya mlevi kwa mfano wa mahubiri ya Jumapili atakuwa amemwua mara mbili. Wajue njia ya kwenda hospitali, kwa mshauri nasaha, na kwa chifu pale mtoto anapopigwa nyumbani, kwa sababu yapo mambo ambayo sikio peke yake haliyatibu. Na wamkumbuke mama pima. Naye ana yake. Wengi wa wanawake hao wanapika ili mtoto asifukuzwe shuleni, na karo iliyotoka katika chang'aa haina harufu inapofika mezani kwa mhasibu.

Kwenu walimu wenzangu, kiboko kilipopigwa marufuku shuleni mwaka 2001 tuliambiwa tuweke ushauri nasaha mahali pake. Katika shule nyingi ushauri huo umekuwa mahubiri ya dakika 10 katika gwaride. Mpeni mwanafunzi anayesinzia darasani nafasi ya kueleza kwa nini hakulala. Nanyi wanafunzi, mnaposoma historia ya karne ya 19 msiishie kwa wavumbuzi na mikataba. Tafuteni habari za kijana wa duka la rehani na mkewe dhaifu, kisha mjadili swali hili moja: wazee wa kanisa la barabara ya Broad walikuwa na haki ya kuuchagua mlango ambao maskini wangeupitia? Mkimaliza, tembeeni hadi kanisa lililo karibu nanyi, mkautazame mlango wake wa nyuma.